Aliyelala Usimwamshe: Kisa cha Joka la Rallos Zek

Jumamosi ya tarehe 15 Novemba 2003, watu wapatao 180 walikuwa wameketi kila mmoja mbele ya kompyuta yake, wakilipiga joka moja kwa takriban saa tatu. Wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Baadhi walikuwa maadui wa kuviziana, leo nakuua kesho unaniua. Joka lenyewe, Kerafyrm, lilikuwa halijawahi kuuawa katika seva yoyote ya EverQuest, mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi kwa pamoja mtandaoni, na waliolitengeneza hawakutegemea liuawe. Uhai wake ulikuwa umeshuka hadi robo na kidogo. Hapo likatoweka. Lilikuwepo kwenye skrini, mara halipo, na wafu kwa wazima wakabaki wanatazama sakafu tupu ya kaburi.

Aliyeliondoa hakuwa mchezaji mwenzao. Ilikuwa kampuni yenye mchezo, Sony Online Entertainment.

Kisa hiki nimekirudia mara nyingi kila ninaposikia watu wakibishana juu ya haki katika michezo ya mtandaoni, kwa sababu mabishano yetu karibu yote huishia kwenye mgawanyo: nani kapewa upanga, nani kanyimwa, nani kadokoa kabla ya wenzake. Kwenye kisa hiki cha Rallos Zek, seva ambako hayo yalitokea, hapakuwa na upanga wa kugombea, na pamoja na hayo sijaona kisa kingine kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi watu wanavyoweza kushirikiana kwa uaminifu mkubwa na papo hapo wakawadhulumu watu ambao hata hawamo chumbani.

Mchezo wa kuombana

EverQuest ilianza kuuzwa tarehe 16 Machi 1999. Ulimwengu wake unaitwa Norrath, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa na wachezaji zaidi ya 400,000 waliokuwa wakilipa ada ya kila mwezi, wakiwa wamegawanywa katika seva nyingi. Kila seva ni Norrath nzima peke yake, yenye milima ileile na majoka yaleyale, ila watu tofauti. Kinachotokea seva moja hakigusi nyingine.

Aliyeucheza atakwambia jambo moja kabla ya mengine: huwezi peke yako. Wapo wachache waliojimudu, lakini safari yoyote ya maana ilihitaji watu wa kazi mbalimbali. Mmoja anakuwa ngao, anasimama mbele apigwe. Mwingine ni mchawi, anatoa kipigo kizito akiwa mbali, akimaliza nguvu za uchawi anakaa chini kuzingoja zirudi. Kasisi anaponya. Ukifa, maiti yako inabaki palepale na kila ulichokuwa umevaa, nawe unaamka mbali, uchi, na sehemu ya uzoefu wako imekatwa. Ama urudi mwenyewe ulikofia, mahali ambapo wewe na wenzako mmekwisha kushindwa mkiwa na silaha, ama umpate kasisi akufufue.

Kwa hiyo jina lilikuwa mali kuliko dhahabu. Aliyewakimbia wenzake mapigano yalipokuwa makali alijulikana seva nzima, na siku akihitaji kufufuliwa angeita mpaka akauke koo.

Nataka nikae kidogo kwa makasisi, maana hapo ndipo ushirikiano unapoonekana kwa karibu. Dawa yao kubwa, iliyoitwa Complete Heal, ilimrudishia mtu uhai wake wote, lakini kuitamka kulichukua sekunde 10. Bosi, yaani mnyama mkubwa anayehitaji kundi zima kumpiga, anaweza kumuua aliye mbele yake kabla ya sekunde hizo kwisha. Basi makasisi hupanga zamu. Wa kwanza anaanza kutamka, baada ya sekunde chache wa pili anaanza, halafu wa tatu, kila mmoja akiandika namba yake kwenye dirisha la mazungumzo ili anayemfuata ajue. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Moja. Mbili. Wanaendelea hivyo nusu saa, saa nzima. Namba tatu akipigiwa simu na mama yake, mnyororo umekatika, ngao anaanguka, na watu 50 nyuma yake wanafuata mmojammoja.

Kasisi hapati sifa. Yeye joka lenyewe halitazami, macho yake yako kwenye namba. Na katika miaka ya mwanzo ilikuwa hivi: mhusika wa uchawi ambaye bado mchanga alipokaa chini kurudisha nguvu, kitabu chake cha uchawi kilifunguka na kufunika skrini nzima. Umekaa porini, unasikia sauti za mapigano, unaona kurasa. Unawaamini wenzako kwa sababu huna namna nyingine.

Kijumbe na kaunta buku

Bosi akianguka, anadondosha vitu viwili vitatu. Waliompiga ni 40, pengine 70. Maana yake usiku wowote ule karibu wote wanaondoka mikono mitupu. Kinachomrudisha mtu kesho yake ni imani kwamba zamu yake ipo.

Tanzania tuna neno moja kwa mambo haya mawili. Mtu akisema anacheza mchezo, huenda ameshika kibodi, na huenda anamaanisha upatu. Mama yangu mkubwa alikuwa kijumbe wa mchezo wa akina mama 12 kule Magomeni. Alikuwa na kaunta buku lenye jalada jekundu, majina yamepangwa kushuka, wiki zimepangwa kwenda kulia, na kila aliyelipa alama ya vema kwa kalamu ya bluu. Mwaka mmoja mwanamke mgeni mtaani aliomba apokee zamu ya pili kwa sababu alikuwa na mgonjwa. Akapewa. Wiki mbili baadaye akaingia mitini. Mama mkubwa akazijaza zile wiki kutoka mfukoni mwake, hakumlaumu mtu, lakini mchezo uliofuata ukawa na sheria mpya: mgeni anapokea mwisho.

Mwaka 1999, chama kimoja cha wachezaji wa EverQuest kilichoitwa Afterlife kilifika kwenye sheria hiyohiyo kwa njia yake. Majoka makubwa ya wakati ule yalikuwa mawili, Lady Vox na Lord Nagafen, na wanachama walikuwa wengi kupita kiasi kwa ngawira iliyokuwepo. Wakaanzisha pointi, wakaziita DKP, yaani pointi za kuua joka. Unahudhuria safari, unaandikiwa. Unapochukua kitu, unakatwa. Mgeni hana pointi, anangoja. Ni kaunta buku la Magomeni, tofauti yake kwamba limekaa kwenye kompyuta. Miaka iliyofuata utaratibu huo ulienea hadi World of Warcraft na michezo mingine, ukazaa mitindo chungu nzima: wengine wananadi vitu kwa pointi, wengine wana baraza la wazee linaloamua, wengine wanarusha dadu na kumwachia Mungu.

Mimi nina shaka moja na DKP, na ni shaka ambayo upatu hauna. Kwenye upatu kila mmoja anatoa kiasi kilekile na kupokea kilekile. Kwenye DKP watu hutoa saa zao, na saa za watu hazilingani. Chama chetu kina watu 11: Dar, Mombasa, wawili Muscat, mmoja Minneapolis. Tukikutana saa mbili usiku ya Dar, Muscat ni saa tatu, na kwa yule wa Minneapolis wakati wa baridi ndiyo kwanza saa tano asubuhi, yuko kazini. Anachungulia simu chini ya meza. Pointi zake ni chache kuliko za mvulana wa Mombasa ambaye hana kazi na hakosi hata siku moja. Jedwali linasema hiyo ni haki. Mwenye jedwali ni mimi, na usingizi haunipati vizuri.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya watoto. Mwaka 2001 mwanauchumi Edward Castronova alichukua bei ambazo watu walikuwa wakiuziana vitu vya Norrath kwa dola halisi, akakokotoa pato la kila mkazi wa ulimwengu huo. Alipata dola 2,266 kwa mwaka, kiwango kilichouweka kati ya Urusi na Bulgaria. Upanga wa kwenye skrini ulikuwa na bei sokoni.

Kaburi lenye walinzi wanne

Desemba 2000 ilitoka nyongeza iitwayo Scars of Velious, na ndani yake bara la barafu lenye kaburi, Sleeper's Tomb. Hadithi yake ni kwamba Kerafyrm alizaliwa kwa ndoa iliyokatazwa baina ya majoka ya rangi tofauti, akawa na nguvu za kutisha, majoka wenzake yakamlaza usingizi na kuweka walinzi wanne juu yake. Wachezaji walimwita Mlalaji.

Walinzi wale waliuawa na kurudi, kama kawaida ya michezo hii, na kila waliporudi walikuwa na silaha ambazo hazikupatikana kwingine, nzuri kupindukia kwa wakati wake. Lakini watengenezaji walitega jambo ambalo hawakulitega kwingine. Wanne wote wakiwa wamekufa kwa wakati mmoja, Mlalaji anaamka. Anaua kila aliye kaburini, anatoka nje anaua njiani, kisha anapotea asirudi tena. Walinzi nao hawarudi. Silaha zao zimekatika kwa seva hiyo, kwa kila mtu, moja kwa moja. Tukio lenyewe hutokea mara moja tu katika maisha ya seva.

Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Sidhani kama kule San Diego, kwenye ofisi za waliotengeneza mchezo, kuna aliyeijua methali hii, lakini waliiandika neno kwa neno kwenye programu yao.

Sasa tazama kilichotokea kwa watu. Maadamu kila chama kinaua watatu na kumwacha wa nne, kaburi ni kisima kisichokauka. Kwenye seva kadhaa vyama vikubwa vilielewana hivyo. Hapakuwa na sheria ya kampuni iliyowalazimisha. Kampuni ilikuwa na kanuni za kucheza kiungwana: usimwibie mtu windo lake, usiwaburutie wenzako kundi la wanyama wakawaangukia, pokezaneni mahali pa kuwindia. Kumwamsha Mlalaji hakukuwemo. Lilikuwa jambo halali kabisa, lililowekwa makusudi litendwe. Na aliyelitenda alikuwa anafunga kisima cha kijiji.

Tena hasara haikuwa sawa kwa wote. Chama kikubwa kilichokwisha kuwavika watu wake silaha za walinzi kinapoteza kidogo kikimwamsha. Kinapata tamasha, kinapata jina, na kinawafungia mlango washindani walio nyuma yake. Anayepoteza ni chama kidogo ambacho bado kinakusanya ufunguo wa kuingilia, kinachosema mwezi ujao tutakuwa tayari. Makubaliano yenyewe yalifanywa na wenye nguvu ya kuyavunja. Wadogo hawakuitwa, kwa kuwa hawakuwa na la kutishia.

Seva ya wauaji

Rallos Zek ilikuwa seva ya namna yake. Kwenye seva nyingi za EverQuest huwezi kumpiga mchezaji mwenzako ila mmekubaliana. Rallos Zek uliweza, ukimkuta wa kiwango kinachokaribiana na chako, na ukimuua ulichukua fedha zake na pengine kitu kimoja mwilini mwake. Mtu alitembea akitazama nyuma.

Ungetegemea kwamba seva kama hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza kumwamsha Mlalaji. Ikawa kinyume. Kwenye seva nyingi za amani alikuwa ameshaamshwa zamani, na Novemba 2003, karibu miaka mitatu tangu kaburi lifunguliwe, Rallos Zek bado alikuwa amelala. Maelezo yangu, na ni yangu tu, ni kwamba Rallos Zek mkosaji alifikika. Seva ya amani, aliyefunga kisima ungemtukana, ungemnunia, basi. Rallos Zek ungemngoja njiani kila siku kwa mwaka mzima. Makubaliano yalishikwa na hofu.

Hofu hiyohiyo ndiyo iliyoyavunja. Kwa masimulizi yanayosimuliwa zaidi, ilienea fununu kwamba kuna mchezaji anakusanya watu wa kumwamsha Mlalaji. Vyama vitatu vya juu, Ascending Dawn, Wudan na Magus Imperialis Magicus, vilikuwa mahasimu. Vikakaa pamoja. Hoja yao ilikuwa rahisi: akiamshwa na wengine tumepoteza walinzi na tumepoteza tukio, tukimwamsha sisi tumepoteza walinzi tu. Na wakaongeza neno ambalo vyama vingine havikuthubutu kulitamka, kwamba wao hawatamwamsha ili wamtazame akiruka. Watamuua.

Unaona jinsi mambo yanavyogeuka. Siku uliyoacha kuamini kwamba jirani atangoja, kungoja kwako kunakuwa ujinga. Hapakuhitajika mtu mwovu. Fununu ilitosha.

Kufa kwa zamu

Kwa nini wafikiri wanaweza? Kaburi lilitengenezwa wakati kiwango cha juu cha mchezaji kilikuwa 60. Oktoba 2002 nyongeza ya Planes of Power ilipandisha hadi 65 na kumwaga silaha mpya. Joka lilibaki lilivyokuwa, watu wamekua. Hata hivyo uhai wake ulikadiriwa na wachezaji kati ya milioni 100 na milioni 400, wakati majoka mengine makubwa ya enzi zake yalikuwa na sehemu ndogo sana ya hapo. Na lilikuwa na pigo la kifo: kila baada ya muda mfupi linamchagua mtu mmoja, na huyo amekufa. Hakuna deraya ya kulizuia wala dawa ya kuliwahi.

Mbinu yao ilikuwa ya kijinga na ya ajabu kwa pamoja. Walikubali kufa. Makasisi wa kiwango cha juu walikuwa na chombo kiitwacho Water Sprinkler of Nem Ankh, kilichowawezesha kufufua bila kutumia nguvu zao za uchawi. Basi kazi ikawa duara: joka linaua, kasisi anafufua, aliyefufuka anaokota vitu vyake kwenye maiti yake mwenyewe, anavaa, anarudi mstarini, anapiga mpaka zamu yake ya kufa ifike tena. Saa nzima. Saa ya pili. Kila kifo kilikata uzoefu, na ufufuo ulirudisha sehemu kubwa, haukurudisha wote, kwa hiyo kila mtu mle alikuwa anapukutika kidogokidogo ili asilimia moja ya joka ishuke.

Kumbuka ni seva gani. Anayekufufua leo ni mtu aliyekuvua kofia ya chuma juzi baada ya kukuua. Ukiwa maiti, vitu vyako viko sakafuni katikati ya mahasimu 120. Msaliti mmoja kati ya makasisi angetosha. Hakutokea. Sijui kama kuna mkataba ulioandikwa ambao ungefanya kazi vizuri kuliko ule mzunguko wa kufa na kufufuliwa: kila mmoja alikuwa na deni kwa mwingine kila baada ya dakika chache, na deni lililipwa hapohapo.

Refa na filimbi

Halafu, uhai ukiwa robo na kidogo, Sony Online Entertainment wakaliondoa joka.

Maelezo yaliyotolewa yalihusu hofu ya hitilafu katika pambano. Wachezaji walisikia jambo jingine: hamkutakiwa kushinda, na mlipokaribia kushinda tumezima taa. Ni refa aliyepuliza filimbi ya mwisho dakika ya 70 kwa sababu timu ya daraja la tatu inaongoza. Hasira ilivuka seva yao. Watu wa seva nyingine, waliokuwa hawana joka la kuua, walikasirika kana kwamba ni lao.

Nadhani walikuwa na haki kwa hili. Kampuni ilikuwa na uhuru wa kutengeneza joka lisiloweza kuuawa kabisa, lisiloguswa na upanga, kama michezo mingi inavyofanya kwa wahusika wa hadithi. Badala yake walimpa uhai wenye mwisho. Ukishampa mnyama uhai unaohesabika, umewaambia watu wahesabu. Kudai baadaye kwamba namba ile ilikuwa ya mapambo ni kuvunja ahadi, hata kama hakuna aliyeitamka.

Kampuni ikarudi nyuma, ikaomba radhi, na kuwarudishia joka. Jumatatu, tarehe 17 Novemba, vyama vitatu vikaingia tena, vikafa tena na kufufuka tena, na safari hii Kerafyrm akaanguka.

Wakaufungua mzoga. Haukuwa na kitu. Mnyama ambaye hakutegemewa kufa hakuna aliyehangaika kumwekea ngawira. Watu wapatao 180, vyama vitatu, siku mbili, na kijumbe hana cha kugawa. Hakuna aliyelalamika kwamba kapunjwa, na hapo ndipo wengi huishia kukisimulia kisa hiki, wakifurahi.

Waliokuwa nje ya kaburi

Mimi hunikwama hapo. Ile Jumamosi joka lilipoondolewa, na siku mbili zile kabla halijarudishwa, kampuni ilikuwa na seva mkononi mwake. Ingeweza kulirudisha joka kwa ajili ya pambano, kama ilivyofanya. Ingeweza pia kulirudisha usingizini, na walinzi wanne mahali pao, ikasema tumevuruga, tuanze upya kama ilivyokuwa Ijumaa. Kwa watu 180 hiyo ingekuwa dhuluma. Kwa mamia wengine wa Rallos Zek ingekuwa ndiyo fidia yenyewe, maana wao ndio waliopoteza kitu ambacho hakirudi, nao hawakuwa na tukio la kujivunia wala picha ya skrini ya kuwaonyesha wajukuu.

Sijawahi kuona mtu akiliweka suala hilo mezani wakati ule. Madai yaliyosikika yalikuwa ya waliopigana. Walikuwa wengi, walikuwa wamejipanga, walikuwa na viongozi wa kuwasemea, na walikuwa na kisa kizuri. Ushirikiano uliowafanya waweze kuliua joka ndio huohuo uliowafanya wasikike. Mtu wa chama cha watu 20 aliyebakiza kipande kimoja cha ufunguo wake alikuwa na malalamiko yasiyo na mashujaa ndani yake.

Sivilaumu sana vile vyama vitatu. Kama fununu ilikuwa ya kweli, Mlalaji angeamka wiki ile au iliyofuata hata wangefanya nini, na ni afadhali aliamshwa na watu waliokuwa na uwezo wa kumkabili. Lakini fununu ni fununu. Aliyeisikia na kuiamini ndiye aliyefaidika nayo, na kwenye upatu mtu wa namna hiyo kijumbe humtazama mara mbili.

Tasnia ilijibu kwa njia yake. Miezi miwili kabla ya kisa hiki, Septemba 2003, EverQuest yenyewe ilikuwa imetoa nyongeza ya Lost Dungeons of Norrath, ambamo kila kundi liliingia kwenye nakala yake ya pango. Wewe una joka lako, mimi langu. World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004, ikaifanya hiyo kuwa desturi kwa safari kubwa karibu zote, na leo karibu kila mchezo wa aina hii unafanya hivyo. Ugomvi wa vyama kugombea bosi mmoja ukapungua sana. Pamoja nao ukaisha uwezekano wa jambo lolote kutokea mara moja tu. Ukiwa na nakala, hakuna wa kumdhulumu, na hakuna adui wa kukufufua pia.

Walijaribu mara moja kuyaweka yote mawili pamoja. Januari 2006 World of Warcraft ilifungua tukio la milango ya Ahn'Qiraj: seva nzima ilichangia bandeji, ngozi, vyakula na madini, wadogo kwa wakubwa, mpaka ghala lijae, kisha mchezaji aliyekamilisha kazi ndefu agonge kengele kubwa ya bamba na milango ifunguke, mara moja kwa seva. Na baada ya kengele kugongwa mara ya kwanza wakaacha saa 10 kwa wengine waliokamilisha nao wagonge. Zile saa 10 nazipenda kuliko joka lolote. Kuna mtu ofisini alikaa akawafikiria wanaofika wa pili.

Wiki iliyopita nililipeleka suala hili kwenye chama chetu kabla hatujaanza safari. Nikawaeleza kaburi, walinzi wanne, fununu. Nikauliza: ungekuwa wewe, na fununu imeshaenea, ungemwamsha? Saba wakasema ndiyo, mvulana wa Mombasa kabla sijamaliza kuuliza. Wawili wakasema hapana, mmoja wao akiwa kasisi wetu. Mmoja wa Muscat akakaa kimya. Kisha akaandika yule wa Minneapolis, herufi ndogo, bila shaka akiwa chini ya meza: ingekuwa saa ngapi kwangu?

Nikafungua jedwali la pointi na kuanza kuita majina.